Kaakaa limefungwa lakini king'ong'o kimebaki: upasuaji wa pili wa matamshi kwa watoto

Fundi Kaakaa (mwanzisha uzi)

Wakuu, uzi huu ni wa jambo moja. Mtoto alizaliwa na mpasuko wa kaakaa, akafanyiwa upasuaji wa kwanza, jeraha likapona safi, na sasa ana miaka minne lakini anasema puani. "Paka" inatoka kama "maka", "saa" haina s ndani yake, shuleni wanamwigiza. Habari za mdomo sungura zina nyuzi zake humu. Leo tuko ndani ya kinywa.

Kaakaa la mbele ni mfupa. La nyuma ni misuli mitupu iliyofunikwa utando, na mwishoni kinaning'inia kimeo. Ukisema p, b, t, d, k, g, f, s, sh au ch, kaakaa laini hupanda na kurudi nyuma mpaka likagusa ukuta wa koromeo. Kuta za pembeni nazo husogea ndani. Njia ya puani inafungwa, hewa inajaa kinywani, ukiachia midomo unapata "p". Kwenye m, n, ny na ng' kaakaa linashuka na hewa inapita puani. Ndiyo maana "baba" na "mama" ni midomo ileile. Kilichobadilika ni mlango wa nyuma tu.

Sisi wa Kiswahili tunautesa sana mlango huo. Mb, nd, nj, ng, mv na nz zinadai uwe wazi kisha ufungwe papo hapo, ndani ya silabi moja. Mtoto ambaye mlango wake haufungi huishia nusu ya njia: "mbuzi" anakuwa "muzi", "ndizi" inakuwa "nini".

Misuli inayonyanyua kaakaa inaitwa levata, mmoja kulia na mwingine kushoto. Kwa kawaida hukutana katikati ya kaakaa laini ikafanya kama kamba ya bembea. Penye mpasuko haikutani, hivyo hupinda kwenda mbele ikashika ukingo wa nyuma wa mfupa. Daktari akishona utando wa juu na wa chini akaiacha misuli hapohapo mbele, kaakaa litaonekana zuri ukimulika na tochi, ila mtoto akisema "a" halinyanyuki, au linanyanyuka kidogo na kuacha pengo. Hiyo ndiyo sababu ninayoiweka ya kwanza. Nyingine ni kovu lililolifupisha kaakaa, tundu lililobaki kati ya kinywa na pua, na koromeo lenye kina kuliko kaakaa linavyoweza kufika.

Kila sababu ina upasuaji wake. Ukisikia mtoto kapangiwa upasuaji kabla hajatazamwa kaakaa likiwa kazini, uliza kwa nini.

Sikio Kwanza

Naongezea kabla watu hawajakimbilia kisu, maana mimi ni wa upande wa matamshi.

Kitu cha kwanza ni sentensi zisizo na m wala n. Zitumie hizi: "Baba abeba boga." "Kaka kapika kuku." "Dada apiga pasi." "Fisi hafui shati." "Sasa saa sita." Mtoto aseme kila moja mara mbili, pua ikiwa wazi, kisha ukiwa umemziba pua kwa vidole. Mlango ukifunga vizuri hutasikia tofauti. Sauti ikibadilika ulipoziba, hewa ilikuwa inavuja. Wanaotumia vipimo vya Kiingereza huwahesabisha watoto kuanzia sixty. Hicho msikitafsiri, kwa sababu "sitini na sita" yetu ina n mbili na itawadanganya.

Halafu kioo kidogo, kipoe kwanza. Mtoto aanze kusema "pa-pa-pa-pa" ndipo uweke kioo chini ya mianzi ya pua, na ukitoe kabla hajanyamaza. Ukichelewa, mvuke utakaouona ni wa kupumua kwake. Usipokuwa na kioo, chukua mrija: ncha moja kwenye tundu la pua la mtoto, nyingine sikioni mwako. Uvujaji mdogo ambao chumba kizima hakiusikii, mrija unausema.

Sentensi ya pili ni ya kinyume: "Mama anamenya nanasi." Hii inatakiwa itoke puani. Ikitoka kama "baba adabedya dadasi", mtoto huyo pua imeziba, kwa mafua au kwa nyama za nyuma ya pua. Tatizo lake ni kinyume kabisa, na akifungwa koromeo ataharibiwa.

Sasa tenganisheni makosa mawili. Kuna uvujaji, na kuna mazoea. Mtoto ambaye tangu utotoni hewa haijawahi kukaa kinywani anajifunza kutengeneza konsonanti mahali pengine. Badala ya "k" anakata sauti kooni kwenye nyuzi za sauti, badala ya "s" anakwaruza ndani ya koromeo. Hayo hayaondoki kwa upasuaji hata ungekuwa mzuri namna gani, kwa sababu kaakaa halikuwa likitumika kabisa katika sauti hizo. Yanaondoka kwa mafunzo ya matamshi. Na yupo mtoto ambaye "p, t, k" zake zote ni safi, ni "s" peke yake inayotokea puani. Huyo mlango wake unafunga. Amejifunza vibaya sauti moja. Mafunzo yanatosha, asipelekwe chumba cha upasuaji.

Mlezi wa Pwani

Asanteni kwa elimu. Mitaani wanasema kimeo kikiwa kirefu ndicho kinachozuia maneno, kikatwe. Hili likoje? Na yale mazoezi ya kupuliza puto na kunyonya kwa mrija ili kaakaa lipate nguvu?

Fundi Kaakaa

Kimeo hakifungi mlango wala hakizuii neno. Kinaning'inia tu nyuma ya sehemu inayofanya kazi. Ukikikata kwa mtoto mwenye kaakaa fupi hujaongeza chochote, na kwa wembe wa mtaani unaleta damu isiyokatika, maambukizi na kovu.

Ila kimeo kitazame. Kikiwa kimegawanyika ncha mbili, angalia zaidi: mstari wa samawati au unaopitisha mwanga katikati ya kaakaa laini, na ukipapasa ukingo wa nyuma wa kaakaa gumu kwa kidole unakuta kibonyo badala ya kimwiba cha mfupa. Dalili hizo tatu ni za mpasuko uliofichika chini ya utando. Utando umeungana, misuli haikuungana. Watoto hawa hawana mdomo sungura, hakuna aliyewapeleka hospitali wakiwa wachanga, na wanagunduliwa darasa la kwanza. Wengine walikuwa wachanga ambao maziwa yalitokea puani, watu wakasema itamwisha akikua.

Sikio Kwanza

Kuhusu puto na mrija: mwache mtoto achezee puto lake, lakini si tiba. Kaakaa katika kupuliza halifanyi kazi kama katika kusema, hivyo nguvu unayoitafuta haihamii kwenye maneno. Saa moja ya puto ingetumika kufundisha "p" yenye hewa ya mdomoni.

Daktari Chipukizi

Hapo kwenye mpasuko uliofichika muongeze onyo la adenoidi, zile nyama za nyuma ya pua. Mtoto anakoroma, anaambiwa nyama za puani zitolewe, zinatolewa, wiki mbili baadaye anasema kwa king'ong'o ambacho hakuwa nacho. Nyama ile ndiyo iliyokuwa ikijaza pengo. Kaakaa fupi lilikuwa likiegemea pale. Kabla ya kuzitoa, kimeo kiangaliwe na kaakaa lipapaswe. Ikilazimu, itolewe sehemu ya juu tu inayoziba pua, ukingo wa chini ubaki.

Swali langu kwa Fundi: kuna kanuni ya kuchagua kati ya kurudia kaakaa na kutumia ukuta wa koromeo?

Fundi Kaakaa

Ipo, na inaanzia kwenye picha. Kamera nyembamba inayopita puani inaonyesha mlango kutoka juu wakati mtoto anasema sentensi zile za Sikio. Inahitaji mtoto anayekubali kukaa na kurudia maneno, kwa hiyo ni kuanzia miaka minne au mitano, pua ikiwa imetiwa dawa ya ganzi. Eksirei ya video kwa ubavu, na matone machache ya bariamu (dawa nyeupe inayoonekana kwenye eksirei) puani, inaonyesha urefu wa kaakaa, kina cha koromeo na kimo ambacho kaakaa linagonga. Ukipata zote mbili ni vizuri zaidi. Unatafuta mambo matatu: misuli imekaa wapi, pengo ni kubwa kiasi gani, na ni kuta zipi zinazosogea.

Misuli ikiwa bado mbele, mimi narudia kaakaa kwanza. Unafungua kovu la katikati, unaibandua levata kutoka kwenye ukingo wa mfupa na kutoka kwenye utando wa upande wa pua, unaigeuza ilale kukingama, kisha unaiunganisha katika theluthi ya nyuma ya kaakaa laini. Sommerlad wa Uingereza ndiye aliyetuzoesha kuifanya chini ya darubini ya upasuaji, na ina maana, kwa sababu ndani ya kovu misuli na nyuzinyuzi vinafanana. Faida kubwa ni kwamba hujaziba njia ya hewa. Ikishindikana, njia nyingine zote bado zipo.

Pengo likiwa dogo na kaakaa limepungukiwa urefu kidogo, tumia njia ya daktari Furlow. Aliichapisha mwaka 1986. Ni mikato miwili ya umbo la Z inayotazamana kinyume, mmoja upande wa kinywa na mwingine upande wa pua. Katika kila upande kipande chenye shina nyuma ndicho kinachobeba misuli, chenye shina mbele ni utando tu. Ukivibadilishana mahali, misuli inapandana katikati na kaakaa linarefuka. Pengo la milimita 5 au pungufu ndilo lake. Likipita milimita 10 usiitegemee peke yake. Inapoharibika, huharibika pale ncha ya kipande cha utando inapovutwa sana karibu na mfupa, na hapo ndipo tundu hutokea.

Kaakaa likiwa fupi kwa kovu na hakuna nyama ya kurefushia, unaazima shavuni. Kipande cha utando pamoja na misuli yake, upana kama milimita 15, kutoka kila shavu, kimoja kikae upande wa pua na kingine upande wa kinywa, kaakaa lote laini lisukumwe nyuma. Epuka tundu la mate lililo shavuni mkabala na magego ya juu. Na uangalie meno, kwa sababu shina linapita nyuma ya gego na mtoto anaweza kuliuma.

Mzee wa Kisu

Nakubali nusu, mkuu. Sehemu ambako mtoto amesafiri siku mbili na huenda asirudi, kupanga upasuaji wa hatua mbili ni starehe ya wenye hospitali jirani. Pengo kubwa ni pengo kubwa. Kipande cha ukuta wa koromeo kinamaliza kazi mara moja.

Kwa wasiokijua: unakata kipande mstatili kwenye ukuta wa nyuma wa koromeo, kina chake ni mpaka utando mweupe ulio mbele ya uti wa mgongo, shina linabaki juu, usawa wa pingili ya kwanza ya shingo. Unakikunja kwenda mbele na kukishona ndani ya kaakaa laini. Kinakuwa daraja la kudumu katikati, na pembeni unaacha milango miwili ya kupumulia. Siri iko kwenye milango hiyo. Mtafiti Warren alionyesha kwamba uwazi ukizidi takriban milimita mraba 20 hewa ya konsonanti inapotea. Daktari Hogan mwaka 1973 akaleta desturi ya kushonea kuzunguka katheta (mrija laini) ya kama milimita 4 kila upande. Ukishona bila kipimo, ama mtoto ataendelea kuvuja ama hatapumua.

Upana wa kipande uamuliwe na kuta za pembeni. Zikisogea vizuri, chembamba kinatosha na zitakuja kukikumbatia. Zisiposogea kabisa, kipande hiki si chaguo zuri. Hapo ni ule upasuaji wa kufanya mkanda: nguzo za nyuma za tonsili, yaani mikunjo iliyo nyuma yake, zinainuliwa pamoja na misuli yake, zinageuzwa nyuzi 90 na kushonwa ukutani, moja juu ya nyingine. Hynes aliuanzisha, Orticochea akautangaza mwaka 1968. Kosa lake ni moja na linarudiwa kila mahali: mkanda unawekwa chini mno kwa sababu juu hapafikiki kirahisi. Kaakaa linagonga juu, mkanda uko chini, mtoto anakoroma na bado anavuja.

Fundi Kaakaa

Mzee wangu, hoja ya safari naiheshimu. Lakini anayesafiri siku mbili ndiye ambaye usiku akikosa hewa kijijini hana pa kukimbilia. Kwake ningefanya kaakaa na mashavu kwa mkupuo mmoja kabla ya kuziba koromeo.

Mzee wa Kisu

Hapo umenibana. Pengo la wastani, sawa. Kwa kaakaa lisilosogea hata kidogo bado nasimama na koromeo langu.

Usingizi Salama

Nyinyi mnabishana juu ya kisu, sisi wa dawa ya usingizi tunabaki na usiku wa kwanza. Kwa upasuaji wowote wa koromeo:

Tonsili kubwa zitolewe mapema, tusubiri kama miezi mitatu ndipo koromeo lifungwe. Tonsili zikibaki zinaingia kwenye ile milango miwili na kuiziba. Mtoto anayekoroma na kukatika pumzi tangu mwanzo apimwe usingizi kwanza. Mwenye taya dogo la chini, fikiria mara tatu.

Ndani ya chumba cha upasuaji: mpira wa kupumulia ulioinamia kidevuni, kibano cha kinywa kisiuminye kikifunguliwa, na shashi ya kooni iandikwe ubaoni ilipoingia na ilipotoka. Sindano ya kupunguza uvujaji wa damu ni adrenalini 1:200,000 ndani ya lidokeini, dawa ya ganzi. Maana yake ni mililita 0.1 ya adrenalini ya 1:1,000 katika mililita 20. Wanaoandika mililita 1 hapo wameongeza mara kumi, na moyo wa mtoto utakwambia. Baada ya kudunga subiri dakika 7 hadi 10 ndipo ukate. Kibano cha kinywa kilegezwe kila baada ya muda, la sivyo ulimi unavimba na ndio utakaoziba hewa baadaye.

Mpira utolewe mtoto akiwa macho kabisa, si nusu usingizi. Alazwe ubavu. Oksimita, kifaa cha kupima oksijeni, isitoke kidoleni kwa saa 24 za kwanza, na awe anaonekana na muuguzi, si chumba cha mwisho. Dawa za maumivu za jamii ya mofini kwa kiasi kidogo sana. Parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6, iwe ndiyo msingi.

Na kuna jambo la kuangalia kabla ya kukata ukuta wa koromeo: mapigo. Watoto waliozaliwa na upungufu wa kipande cha kromosomu ya 22 (22q11.2) mara nyingi wana king'ong'o hata bila mpasuko, na mishipa mikubwa ya shingo inaweza kuwa imehamia katikati, nyuma ya utando uleule mnaoukata. Mtoto mwenye historia ya moyo, kalisiamu ya chini na sura ya uso ya upungufu huo, apigwe picha ya mishipa kwanza.

Mlezi wa Pwani

Nyumbani baada ya hapo? Chakula?

Usingizi Salama

Wiki tatu za vitu laini. Uji mwepesi, maziwa, supu iliyochujwa, mtori uliosagwa kabisa. Hakuna ugali, chapati, karanga, miwa, embe lenye nyuzi. Anywe kwa kikombe. Mrija unavuta nyuzi za kushonea, na kijiko kisiingie ndani kuliko midomo. Maji safi kidogo kila akimaliza kula. Vidole visiingie kinywani, mswaki au penseli ndiyo kabisa.

Kukoroma wiki za mwanzo ni uvimbe, kunatarajiwa. Kukatika pumzi si kawaida, arudi siku hiyohiyo. Damu mbichi arudi, hata kama ni siku ya saba, kwa sababu damu ya kuchelewa hutoka wakati utando mweupe wa jeraha unabanduka. Aliyekatwa ukuta wa koromeo shingo itamkaza siku kadhaa. Ikibaki imepinda upande mmoja haigeuki, hiyo si ya kusuguliwa mafuta, ni ya hospitali.

Daktari Chipukizi

Tundu dogo lililobaki mbele, linazibwa kwanza au baadaye?

Sikio Kwanza

Kwanza ujue kama ndilo linaloongea. Lizibe kwa muda kwa kitu laini kisichoyeyuka, mtoto mkubwa anayeelewa na wewe ukiwa umekaa naye, kisha rudia sentensi zile. Zikinyooka, shida ni tundu. Zisiponyooka, shida iko nyuma, na tundu linaweza kuzibwa katika upasuaji uleule. "T" na "s" zikivuja lakini "k" ni safi, mara nyingi ni tundu la mbele, kwa sababu "k" inafungwa nyuma yake.

Na masikio yapimwe. Watoto wa mpasuko wa kaakaa karibu wote hupata maji nyuma ya ngoma ya sikio, maana misuli ya kaakaa ndiyo inayofungua mrija wa sikio. Mtoto asiyesikia "s" hutamfundisha "s".

Fundi Kaakaa

Wengi wameuliza inbox kuhusu umri. Upasuaji wa kwanza wa kaakaa kwa kawaida ni kati ya miezi 9 na 18. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti wa TOPS, watoto 558 wa Ulaya na Brazil wenye mpasuko wa kaakaa pekee, wakilinganishwa waliofanyiwa wakiwa na miezi 6 na waliofanyiwa miezi 12. Kufikia miaka 5, mlango usiofunga ulikuwa kwa asilimia 8.9 ya wale wa miezi 6 na asilimia 15.0 ya wale wa miezi 12. Msichukue namba hiyo mkamlaza mtoto wa miezi 6 popote. Walikuwa watoto wenye afya na hospitali zenye wataalamu wa usingizi wa wachanga. Kwa mtoto mwenye uzito duni au damu pungufu, kusubiri anenepe ni sahihi.

Upasuaji wa pili wa matamshi ni miaka 4 hadi 6, kabla shule haijakolea. Kwa gharama, ulizeni kwenye hospitali zinazoshirikiana na Smile Train, shirika la hisani la upasuaji wa mpasuko, kama CCBRT ya Dar es Salaam au CoRSU ya Uganda, na mseme waziwazi kwamba mna maana ya upasuaji wa pili wa matamshi, msiseme "mdomo sungura" tu mkapangiwa foleni nyingine.

Mlezi wa Pwani

Na wa miaka 14 ambaye hakuwahi kurudi?

Sikio Kwanza

Anafaa. Pengo lake linafungwa kama la mdogo, ila mazoea ya kooni yana miaka kumi. Aanze mafunzo kabla ya upasuaji, ajue angalau mahali pa kuweka ulimi na midomo katika "p, t, k" hata kama hewa bado inavuja, kisha arudi darasani kwetu wiki ya sita baada ya upasuaji. Mrekodi leo kwa simu, sentensi zile tano, simu ikiwa urefu wa mkono mmoja, chumba kisicho na feni. Rekodi tena hivyohivyo mwezi wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili. Rekodi zote asikilizishwe mtu asiyejua ipi ya lini.